Nambari Zisizolika

Umeniletea fomu ya chuo, Tima,
umeikunja mara nne kama barua ya deni,
na kidole chako kimesita palipoandikwa Hisabati.
Kaa hapo barazani. Waache punda wapite kwanza,
kichochoro hiki cha Mkomani hakiwatoshi wao na maneno yangu.

Mimi nilikwenda kusomea historia.
Hisabati niliichukua kwa ajali:
darasa la ushairi lilijaa, mlango wa pili ulikuwa wazi.
Nilipoleta habari nyumbani, shangazi yangu Bi Somoe
aliacha kukuna nazi.
"Wasomani, mwanangu? Nambari zisizolika?"

Hazikulika, kweli. Muhula wa kwanza zilinila mimi.
Nilipata thelathini na moja kwa mia
nikalia chooni, mfereji nimeufungulia nisisikike.

Kisha siku moja profesa, mwenye mvi na tai,
aliandika ubaoni jumla ndefu,
na kijana wa Faza, Bunu Shekuwe, na viatu vyake vya plastiki,
akainua mkono:
"Mstari wa tatu, alama ni ya kutoa."
Darasa zima tuliacha kupumua.
Profesa akatazama. Akatazama tena.
Akafuta kwa kiganja. "Ahsante," akasema, akaendelea.

Tima, mimi nimelelewa kuinamisha kichwa.
Sikuwa nimewahi kuona mahali
ambapo mkubwa na mdogo husimama mbele ya mstari mmoja
na mstari usijali nani ana ndevu.

Hilo ndilo nililorudi nalo. Mengi mengine yamevuja.
Ila bado, nikilala chali ndani usiku,
hutazama zidaka ukutani, vikubwa kwa vidogo,
nikahesabu: nusu, robo, thumuni, nusu ya thumuni,
kila kimoja kikiongeza, jumla isifike moja kamwe,
nikafurahi kwamba kuna kitu kisicho na mwisho
kinachoenea chumbani mwetu.

Mwaka boriti za juu zilipooza
alikuja bwana na mkoba na karatasi inayong'aa.
"Tatu kwa mia kwa mwezi, mama. Ni kama bure."
Kidole gumba cha Bi Somoe kilishapakwa wino.
Niliomba karatasi, nikaigeuza nyuma,
nikazidisha mwezi juu ya mwezi,
riba ikizaa, na watoto wa riba nao wakizaa,
hadi mwezi wa ishirini na nne: usipolipa, deni limekuwa mawili.
Bwana akasema hizo ni hesabu za shuleni.
Nikamwambia, "Nionyeshe mstari uliokosea."
Alinywa kahawa yake, akaondoka.
Wino ulikaa kidoleni mwa Bi Somoe siku tatu.

Sikuahidi kazi. Bunu yule yule
anauza simu Malindi, dukani kwa mtu,
ingawa husema usingizi wake ni mzuri.
Wala sikwambii utapenda. Utachukia hadi mwezi wa Machi,
kisha utaamka alfajiri moja na jibu kinywani
kama aliyekumbuka alipoweka funguo.

Jana nilimkuta Bi Somoe akitunga,
vidole vikigonga goti, kama afanyavyo kila harusi.
Tarakimu hajui kuziandika, lakini mizani haimpotei.
Nikamwambia umeleta fomu. Akafumba macho:

"Kasome, mwana, kasome, hata kisicholika..."

Akasita. Akarudia, kidole kwa kidole. Saba.
"Imepungua moja," akasema,
kwa hasira ya mtu aliyepunjwa sokoni.
Sikumsaidia. Kuna kimya ambacho si adabu kukivunja.
Nazi ilimsubiri, kifuu mkononi.

"...hata kitu kisolika."

"Nane," akasema,
akarudi kukuna.